Dawa Iliyobaki Unyanyembe

Tarehe 14 Machi 1869 David Livingstone alifika Ujiji akiwa mgonjwa. Maradhi ya mapafu yalikuwa yamemshika tangu mwanzo wa mwaka, miguu haikuweza kumchukua, na sehemu kubwa ya safari ile alibebwa na watu. Tumaini lake lilikuwa moja: kwamba katika mji ule wa ufuoni mwa Tanganyika angekuta shehena aliyotumiwa kutoka Unguja, na katika shehena ile zingekuwamo dawa. Alikuta sehemu kubwa ya nguo zake imekwisha kuibwa, na dawa hazikuwamo. Aliambiwa ya kuwa dawa zipo, ila zimeachwa Unyanyembe, kwa sababu njia ya kutoka huko imefungwa na vita.

Unyanyembe ndiko uliko mji wa Tabora leo. Waandishi wa historia huipita habari hii upesi, kwa kuwa ni jambo dogo katika maisha ya mtu aliyeandikiwa mengi. Mimi, niliyezaliwa Tabora, nimeirudia mara nyingi. Miaka miwili kabla yake, Januari 1867, sanduku la dawa la msafiri huyohuyo lilipotea porini, wapagazi wawili walipotoroka nalo. Huo ulikuwa msiba wa kupoteza, na kila mtu hutambua msiba wa namna hiyo. Lakini habari ya Ujiji ni ya namna nyingine. Dawa hazikupotea. Zilitengenezwa, zikalipiwa, zikafungwa, zikavuka bahari, zikapita nyika na milima, halafu zikakoma kabla ya kumfikia mgonjwa. Je, mgonjwa huyo alikuwa na dawa au hakuwa nazo? Dawa huanza kuwa dawa lini?

Lugha yetu ina maneno mawili yanayofaa kupambanuliwa hapa: kupeleka na kufikisha. Mwenye kupeleka ametoa kitu mkononi mwake kikashika njia. Mwenye kufikisha hana utulivu mpaka kitu kimo mkononi mwa mwenyewe. Waliomtumia Livingstone dawa walipeleka; hawakufikisha. Rai yangu katika makala haya ni kwamba elimu ya tiba ya zama zetu, pamoja na ustadi wake wote, imezoea kuuhesabu wajibu wake kwa kupeleka, hali wajibu wake wa kweli ni kufikisha. Tena nasema ya kuwa wajibu huo haungoji dawa itoke kiwandani. Huanza mezani pa mtaalamu, siku anapochagua dawa yake itakuwa ya namna gani.

Watu wa misafara walijua kazi ya kufikisha kuliko sisi. Burton na Speke waliondoka pwani mwezi wa Juni 1857, wakaingia Kaze, katika Unyanyembe, tarehe 7 Novemba: zaidi ya siku 130 za mwendo. Mpagazi mmoja alichukua mzigo wa kadiri ya frasila mbili, yaani kama kilo 32, begani au kichwani. Wanyamwezi walikuwa na sifa kubwa katika kazi hiyo, na wengi wao walikuwa watu huru waliopatana ujira. Ili mzigo ufike, mambo manne yalihitajika. Ulipaswa kufungwa imara, mvua na miiba visiuharibu. Mpagazi alipaswa kuwa mwaminifu. Hongo ilipaswa kulipwa njiani, hasa Ugogo. Neno hili leo ni la aibu, lakini zamani lilikuwa jina la ushuru wa mtawala wa nchi. Mwisho, mwenye mzigo alipaswa kujulikana, ili asipewe mwingine. Likikosekana moja katika hayo manne, mzigo ulibaki njiani hata kama mengine matatu yalikuwa kamili.

Nayakumbusha mambo haya kwa sababu wataalamu wa tiba wa leo wanashughulika na mambo hayohayo manne ndani ya mwili wa mwanadamu. Dawa nyingi tunazomeza au kudungwa huenea mwili mzima. Hufika mahali pagonjwa, na hufika pia mahali pazima ambapo hazikuitwa na ambapo huleta madhara. Dawa za saratani ni mfano unaojulikana na wengi: huua seli mbaya, zikaua na njema. Na habari za jeni ni ngumu zaidi. Ujumbe wa RNA, au chombo cha kurekebisha jeni, ukitiwa mtupu katika damu huvunjwavunjwa kabla haujafika popote. Unahitaji kufungwa, unahitaji mpagazi, tena unahitaji mpagazi ajuaye nyumba.

Mpagazi huyo, wataalamu wamegundua, yumo mwilini tangu zamani. Seli za mwili hutoa vifuko vidogo mno, vilivyozungushiwa utando wa mafuta kama utando wa seli yenyewe, na ndani yake mna protini na RNA. Jumla yavyo huitwa vifuko vya nje ya seli, na aina moja iliyo maarufu huitwa eksosomu. Upana wa eksosomu ni kati ya nanomita 30 na 150, na katika milimita moja mna nanomita milioni moja. Mwaka 1983 watafiti wa Montreal nchini Kanada, na wengine wa St. Louis nchini Marekani, waliviona vifuko hivi katika seli nyekundu changa za damu, wale katika damu ya kondoo na hawa katika damu ya panya. Seli ile inapopevuka huacha vitu isivyovihitaji tena, navyo hutoka vimefungwa ndani ya vifuko. Rose Johnstone wa Montreal ndiye aliyevipa jina la eksosomu mwaka 1987. Kwa miaka mingi watu wengi walidhani ni taka tu. Kisha mwaka 2007 watafiti wa Göteborg, Sweden, walionyesha kwamba vifuko hivi hubeba RNA kutoka seli moja hadi nyingine, na kwamba seli inayopokea huweza kuutii ujumbe ule. Kilichodhaniwa kuwa jaa kilikuwa njia ya barua.

Tangu hapo ikaanza kazi ya kuvifundisha vifuko. Mwaka 2011 Matthew Wood na wenziwe wa Oxford walichukua vifuko vya seli za kinga za panya, wakavitia juu kipande cha protini kilichotokana na virusi vya kichaa cha mbwa, kwa kuwa virusi hivyo vina ujuzi mkubwa wa kuzitambua seli za neva. Ndani walitia RNA fupi yenye uwezo wa kuzima jeni iliyokusudiwa. Vikadungwa katika mshipa wa damu, navyo vikafika katika ubongo, mahali ambapo dawa nyingi hugota mlangoni. Mwaka 2017 watafiti wa Houston walituma vifuko vya namna hiyo kuizima jeni mbovu inayochochea saratani ya kongosho katika panya. Waliona ya kuwa vifuko vyao vilikuwa na alama ya protini inayoziambia seli walinzi wa mwili, "Msinile, mimi ni wa nyumbani," na kwa hiyo vilidumu zaidi katika damu. Baadaye majaribio yaliingia kwa wanadamu. Mwaka 2018 watafiti wa Hong Kong walionyesha kwamba vifuko vingi vyaweza kupatikana kutoka seli nyekundu za damu ya kawaida ya kundi O, ile inayotolewa na wachangia damu.

Walakini njia ni ngumu, na mwenye kuisifu bila kuyataja magumu yake anawadanganya wagonjwa. Hongo iko humu pia: vifuko vingi vinavyodungwa katika damu hukamatwa na ini na wengu kwa muda mfupi, na ni sehemu ndogo tu inayoendelea na safari. Hata vile vinavyofika katika seli vilikokusudiwa, aghalabu humezwa na kufungiwa katika chumba cha ndani ya seli, na mzigo huharibiwa humo bila kutoka. Umefika ukumbini, haukupokewa. Kampuni moja ya Marekani iliyotangulia mbele katika kazi hii, Codiak BioSciences, iliomba kinga ya kufilisika mwezi wa Machi 2023. Na mwezi wa Desemba 2019 idara ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kwa umma ya kuwa hakuna dawa yoyote ya eksosomu iliyopewa idhini, baada ya wagonjwa kudhurika kwa vitu vilivyouzwa kwa jina hilo. Kila msafara una watu wanaouza kamba kwa jina la shanga.

Liko jambo jingine la kuzingatia kabla hatujaingia katika swali letu. Mpagazi hana upande. Mwaka 2013 ilibainika ya kuwa vimelea vya malaria, vikiwa ndani ya seli nyekundu za damu, hutumiana habari kwa vifuko hivihivi. Seli za saratani nazo hutanguliza vifuko kwenda kutayarisha mahali zitakapohamia. Njia yetu ya kale ilikuwa vivyo hivyo. Njia iliyopitisha nguo na shanga ilipitisha pembe, na iliyopitisha pembe ilipitisha watu waliofungwa minyororo. Kipindupindu cha miaka ya 1869 na 1870 kilisafiri pamoja na misafara, kikalala katika kambi zilezile na kunywa katika visima vilevile. Ustadi wa kusafirisha si wema. Wema hutoka kwa mwenye kuuliza ni nini kinachobebwa, kwa manufaa ya nani, na kinaishia wapi.

Swali hilo la mwisho ndilo linalonisumbua, na sitaki kuficha sababu. Dada yangu ana mtoto aliyezaliwa na selimundu. Jina hilo limeundwa vizuri: seli nyekundu ya damu, ambayo yapasa kuwa ya mviringo na laini, hujikunja mfano wa mundu, ikaziba mishipa midogo, na mtoto hulia kwa maumivu ya mifupa ambayo mtu mzima asingeyastahimili. Dada yangu anakaa kijijini upande wa Kaliua, magharibi ya Tabora, katika nchi ambayo misafara ya Ujiji iliikata. Mtoto aliandikiwa hidroksiurea, dawa ya kumeza inayopunguza maumivu hayo na haja ya kuongezewa damu. Mwezi wa kwanza ilipatikana. Mwezi wa pili haikupatikana, wala wa tatu. Nilipompigia simu dada yangu aliniambia, "Kaka, dawa ipo, ila haipo huku."

Hakusema kwa kulalamika. Alisema kama mtu anayetoa habari ya mvua. Lakini baada ya kuiweka simu niliona ya kuwa maneno yale ndiyo yaliyosemwa Ujiji mwaka 1869.

Kwa makadirio ya wataalamu, katika Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 kila mwaka wenye selimundu, na nchi yetu ni miongoni mwa zile zenye mzigo mkubwa zaidi wa ugonjwa huu duniani. Ndio pia ugonjwa ambao elimu ya jeni imeupatia ushindi mkubwa. Mwezi wa Novemba 2023 Uingereza, na mwezi uliofuata Marekani, ziliidhinisha tiba iitwayo Casgevy. Seli mama za damu hutolewa katika mwili wa mgonjwa, jeni zake hurekebishwa katika maabara, mgonjwa hupewa dawa kali za kuuondoa uloto wake wa zamani, kisha seli zilizorekebishwa hurudishwa. Bei iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Tiba hii ni ya kweli na wapo waliopona maumivu. Lakini ndani yake mna maabara kubwa, wodi ya pekee, na majuma mengi hospitalini. Kabla bei haijatajwa, tiba yenyewe kwa umbo lake imekwisha kuamua ya kuwa haitafika Kaliua.

Hapa ndipo vifuko vinapoleta tumaini. Kama siku moja kifuko kitaweza kubeba chombo cha kurekebisha jeni na kuzijua seli mama zilizo katika uloto, basi hapatakuwa na haja ya kuzitoa seli nje ya mwili wala kuuharibu uloto kwa dawa kali. Sindano moja ya mshipani, anayoweza kuidunga mwuguzi wa wilaya, ingetosha. Mwaka 2019 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani na wakfu wa Bill na Melinda Gates ziliahidi kila upande dola milioni 100 kwa kazi ya kutafuta tiba za jeni za selimundu na UKIMWI zitakazoweza kutolewa katika nchi maskini, Afrika ikiwamo. Vifuko ni njia moja kati ya njia kadhaa zinazojaribiwa ulimwenguni. Huenda nyingine ikatangulia. Swali la wajibu ni lilelile kwa zote.

Sasa nisikilize hoja za wanaonipinga, maana zina uzito.

Wa kwanza husema: kazi ya mtaalamu ni kuvumbua. Anayevumbua si kirangozi wa msafara, wala hakuingia katika mapatano na kila mgonjwa wa dunia. Akitengeneza kitu chema na kukiweka sokoni, ametimiza wajibu wake; asiyeweza kukifikia asimlaumu. Wahenga wetu wenyewe wamesema, asiyekuwapo na lake halipo.

Najibu kwa mambo mawili. Kwanza, dawa hupata jina lake kwa kazi yake. Daraja lililojengwa robo tatu ya mto halina haki ya kusifiwa kwa robo tatu ya sifa ya daraja, maana anayelipita huzama. Vivyo hivyo aliyekusudia kuponya amekusudia na njia ya kumfikia mgonjwa. Akiikataa njia, tuna haki ya kumwuliza kama alikusudia kuponya au alikusudia jambo jingine, kama vile kujua, au kusifiwa, au kuuza. Makusudi hayo si haramu. Kujua ni tukufu. Lakini kila kusudi liitwe kwa jina lake.

Pili, si kweli kwamba watu wa huku hawakuwapo. Walikuwapo tangu mwanzo. Anthony Allison, tabibu aliyelelewa Kenya, alipima damu za watu wa Afrika Mashariki, na mwaka 1954 alitangaza kwamba mwenye kurithi selimundu kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Uvumbuzi ule ni nguzo katika elimu ya jeni ya ulimwengu mzima, na ulitoka katika vidole vilivyochomwa sindano katika nchi zetu. Tangu mwaka 2004 wagonjwa wa Muhimbili, katika kazi iliyoongozwa na Profesa Julie Makani, wameitoa damu yao na historia ya maumivu yao ili ugonjwa ueleweke. Damu imekwenda pwani, ikavuka bahari, ikawa elimu. Njia iliyoweza kuchukua damu kutoka huku haiwezi kudai ya kuwa haijui kurudi. Anayetudai hapa hakuja kuomba sadaka. Ana amana yake, na mwenye amana huulizwa.

Wa pili hupinga kwa upande mwingine, na hoja yake ni nzito zaidi kwangu, kwa kuwa hutoka kwa watu wenye huruma. Husema: mnaota vifuko vya nanomita, na hidroksiurea ya kumeza haijafika kijijini! Mtoto mchanga hapimwi, penisilini ya kumkinga haipo, na ninyi mnazungumza juu ya kurekebisha jeni. Majaribio yaliyofanywa Angola, Kongo, Kenya na Uganda, ambayo matokeo yake yalitangazwa mwishoni mwa mwaka 2018, yalionyesha kwamba hidroksiurea huwasaidia watoto wa Kiafrika na kupunguza hata vifo. Fikisheni hicho kwanza, ndipo muote kingine.

Nusu ya hoja hii naikubali kwa moyo wote. Mpwa wangu hawezi kungoja. Kila mwaka ambao dawa ya kale haimfikii mtoto ni deni ambalo halilipwi kwa ahadi ya dawa mpya. Lakini nusu nyingine nina shaka nayo. Ikiwa tutasema kwamba kwa watu wa Kaliua yatosha yaliyopitwa na wakati, na mapya ni ya wengine, tutakuwa tumekubali mizani miwili ya kupimia watu. Wahenga walimjua mtu wa namna hiyo waliposema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Maumivu ya mfupa wa mtoto wa Kaliua hayana uzito pungufu kuliko maumivu ya mtoto wa Chicago.

Tena kukata tamaa na dawa mpya ni kuacha neno letu lisisikike wakati ambapo lingefaa zaidi. Nilisema ya kuwa wajibu wa kufikisha huanza mezani pa mtaalamu, sasa nieleze. Vifuko kwa desturi huhifadhiwa katika baridi ya digrii 80 chini ya sifuri. Watafiti wengine wanajaribu kuvikausha viwe unga unaostahimili joto la kawaida. Msomaji aweza kudhani ya kuwa huo ni uchaguzi wa kiufundi tu. Mimi nasema ni uchaguzi wa kimaadili. Aliyechagua baridi ile amechagua umeme usiokatika, na aliyechagua umeme usiokatika amekwisha kuchagua mji, na katika mji amechagua hospitali, na katika hospitali amechagua tabaka la wagonjwa. Hakumchukia mtu yeyote. Hakumfikiria tu. Vivyo hivyo anayetaka vifuko vya seli adimu za kukuzwa kwa gharama kubwa, na anayetaka vifuko vya damu ya kundi O iliyo katika kila benki ya damu, wamekwisha kuachana njia kabla ya kufika sokoni. Baada ya umbo la dawa kukamilika, mwanasiasa na tajiri waweza kupunguza bei. Hawawezi kuibadili dawa ilivyo. Kwa hiyo mgonjwa wa mwisho yampasa kuwapo akilini mwa mtaalamu siku ya kwanza. Kuufunga mzigo bila kumjua mwenyewe ni chanzo cha mizigo mingi iliyooza njiani.

Ziko pia haki za wasiokuwapo kabisa, nao ni wale ambao hawajazaliwa. Mpagazi wa jeni akikosea nyumba, akaingia katika mbegu za uzazi, kosa lake litarithiwa na watu ambao hawakuulizwa. Ndiyo sababu sisemi haraka itangulie uangalifu. Kufikisha ni pamoja na kutofikisha pasipotakiwa.

Mpaka hapa nimewasema wengine, na ingekuwa rahisi kuishia hapa, maana watu wa mbali hawajibu. Lakini turudi Ujiji. Livingstone aliporudi tena katika mji ule mwezi wa Oktoba 1871, alikuta mtu aliyekabidhiwa mali zake mpya amekwisha kuziuza zote. Mali hizo zilivuka bahari salama, zilivuka Ugogo salama, zikaliwa zilipofika. Maili ya mwisho ilikuwa mikononi mwa watu wa huku, na maili ya mwisho ndiyo iliyoharibika. Sisi wa leo tuna bohari zetu, magari yetu, sahihi zetu na mihuri yetu. Dawa ya mpwa wangu haikuzuiliwa na bahari. Ilikuwa katika nchi hii hii. Mahali fulani kati ya karatasi moja na nyingine ilisimama, na hakuna aliyejiona kuwa na kosa, kwa sababu kila mmoja alikuwa amepeleka. Tusiwadai wataalamu wa ng'ambo kufikisha ikiwa sisi wenyewe tumeridhika na kupeleka.

Wala si kwamba hatuwezi. Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, katika nchi ileile ya Ugogo ambako misafara ililipa hongo, ilianza kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu. Nusu ya njia ya kwenda Tabora imekwisha kukatwa. Yawahusu wanafunzi wetu, na si wa sayansi peke yao, kufikiri juu ya nusu iliyobaki. Mwanafunzi wa lugha atakayemweleza mama wa kijijini maana ya jeni kwa maneno ambayo mama huyo ataweza kuyakubali au kuyakataa kwa hiari yake, naye ni mpagazi katika msafara huu. Maana dawa isiyoeleweka haijamfikia mtu, hata ikiwa imo katika mshipa wake.

Kwa sasa dawa ya mpwa wangu husafiri kwa basi. Mimi huinunua jijini, huifunga katika bahasha, huandika jina na namba ya simu, nikamkabidhi kondakta. Dada yangu huingoja stendi. Sijui jina la kondakta huyo zaidi ya lile analoitwa na wenziwe, wala yeye hajui kilichomo. Mara moja basi liliharibika njiani usiku, naye akaihamisha bahasha ile katika basi jingine, akampigia dada yangu simu mara mbili kumwambia iko wapi. Hakuna mkataba uliomlazimisha.

Nilipoisikia habari hiyo niliwakumbuka watu wengine waliopita Unyanyembe. Livingstone alikufa mwezi wa Mei 1873 kwa Chitambo, katika nchi ya Zambia ya leo. Chuma, Susi na wenzao waliukausha mwili wake, wakaufunga, wakauchukua kuelekea pwani. Mwezi wa Oktoba walifika Unyanyembe, wakamkuta Luteni Cameron aliyetumwa kumsaidia. Cameron aliwashauri wauzike mwili hapo. Walikataa. Walipoambiwa kwamba watu wa mbele hawatakubali maiti ipite katika nchi yao, waliufunga upya mfano wa robota la nguo, wakaendelea. Mwezi wa Februari 1874 waliufikisha Bagamoyo, na tarehe 18 Aprili ukazikwa London. Wala hakuna aliyekuwa amewatuma.

Dawa za mtu yule zilikomea Unyanyembe alipokuwa hai, na mwili wake ukavuka Unyanyembe alipokuwa amekufa. Njia ilikuwa ya misafara ileile, yenye vita na hongo. Tofauti ilikuwa kwa wale waliochukua mzigo: hawa wa pili walimjua mwenyewe, nao walikuwa wameazimia kufikisha.